Nilitia Mazutu Kwenye Gari la Esansi ili Mwanangu Aje

Mpendwa mshauri Mama Joëlla, salamu nyingi kutoka Buyenzi hapa Bujumbura, naomba msaada wako, na naomba kabla ya kuisoma barua hii redioni ubadilishe majina yetu yote, maana avenyu yetu nzima inakusikiliza kila Jumamosi asubuhi, na mimi mwenyewe huwa nacheka shida za wenzangu huku nikichagua mchele, sikujua kama siku moja mchele utanishinda kwa shida zangu.

Mi ni mjane wa miaka sitini na mbili, nilisoma mpaka darasa la tano tu, lakini mwandiko wangu unauona mwenyewe. Mume wangu marehemu Hamimu alikuwa fundi wa magari, garaji yake ilikuwa hapa hapa uani kwetu, na lile shimo la fundi kuingia chini ya gari alilichimba kwa mikono yake mwaka tuliooana. Mungu alitupa mtoto mmoja, Tajudini, na kwa huyo mmoja hakuna mwenye kumi aliyenipita. Sisemi kwa kujisifu, uliza Buyenzi yote. Taju akiwa na miaka kumi na nne alikuwa anafumba macho na kukuambia gari linalopita barabarani ni la esansi, yaani petroli, au la mazutu, yaani dizeli, na pistoni ya ngapi inaumwa. Zile pompu za mazutu ambazo mafundi wengine wanazifungua halafu wanashindwa kuzifunga, yeye aliletewa zimeviringishwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga, toka Kanyosha, toka Mutanga Sud, hata toka Uvira ng'ambo ya mpaka. Tena ni mrefu, anaswali, hagusi pombe, na meno yake ni ya kwangu.

Wakati ule, Mama Joëlla, sikuwahi kula peke yangu. Ikifika saa sita mafundi walikuwa saba au wanane, na wateja juu yao, napika sufuria la maharage na ndizi, siku nyingine visamaki vya ndagala, na mtu wa Kinindo aliyevaa suti anakula kwa mkono kwenye sinia moja na kijana mwenye grisi mpaka kwenye viwiko, na injini mbili tatu zinanguruma hapo hapo, majirani wakilalamika kelele nawaambia kelele hiyo ndiyo iliyomlea mwanangu, nyinyi wa kwenu amelelewa na nini?

Halafu esansi ikaanza kukosekana, unajua mwenyewe, magari yanapanga foleni stesheni ya mafuta siku tatu, na gari lisilotembea haliharibiki, na lisiloharibika haliji kwetu. Mafundi wakaondoka mmoja mmoja, huyu kalima mpunga, yule kavuka mpaka. Ndipo hizi gari za umeme zikaanza kuonekana mjini, leo moja, wiki ijayo tatu, mpaka watoto wakaacha kuzishangaa. Wa kwanza kuileta uani kwetu alikuwa Monsieur Adolphe wa Kinindo, mteja wetu toka enzi za marehemu, alitaka Taju aangalie breki. Taju akaingia chini, akakaa huko mpaka chai ikapoa, alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari nzito. Mi nikasema mbele ya watu wote, "Gari gani hili halina hata moshi? Hii si ni firiji yenye magurudumu!" Watu walicheka sana, hata Monsieur Adolphe alicheka, ila Taju hakucheka.

Jioni ile akaniambia, "Mama, hizi gari za esansi zitakwisha. Si kesho, lakini zitakwisha. Nisipojifunza hii nyingine, nitakuwa kama yule mzee wa kutengeneza mashine za kuandikia. Ni fundi kweli, lakini nani anampelekea?"

Nikamwambia, "Baba yako alikuachia shimo, hakukuachia waya."

Monsieur Adolphe alipofungua karakana ya gari za umeme huko Kinindo, alimchukua Taju awe mkubwa wa mafundi, si mdogo, mkubwa, na Taju akahamia kule na mke wake Raihana. Hapa uani amebaki Moubarak peke yake, fundi aliyefundishwa na Taju, na huyo anakuja mara mbili kwa wiki akipata kazi. Lile gari la marehemu, Corolla ya zamani, liko pale pale chini ya mabati.

Lakini kila Ijumaa baada ya swala Taju alikuwa anakuja kula kwangu. Alikuwa bado na Hilux yake ya mazutu, na mi nilikuwa naijua sauti yake toka kona ya msikiti, nikiisikia tu naweka mafuta kwenye sufuria, akifika mlangoni kitunguu kimeshaiva. Miezi miwili hivi mambo yakaenda vizuri. Kisha akaiuza Hilux, akapewa gari la kazi, la umeme, hakuniambia, nadhani alitaka kunishangaza.

Ijumaa ile nilikuwa nimekaa uani na jirani yangu Fatouma tunapepeta maharage. Fatouma ana wana watatu na hakuna hata mmoja anayefika kwa Taju, ndiyo maana ulimi wake ni mrefu. Akaanza, "Ee Mama Taju, mutoto wako siku hizi anatengeneza gari ao anatengeneza telefone? Naona anarudi na mikono misafi kama karani."

Nilikuwa na njia nyingi za kumjibu, mshauri. Lakini nilikuwa na uchungu wa ule uwanja mtupu, nikataka kumwonyesha kwamba hata mi naona alichoona, tucheke wote kuliko yeye anicheke. Nikasema, "We acha tu. Yule si fundi tena. Alishindwa injini, ndiyo maana amekimbilia betri. Baba yake angefufuka angeuliza huyu ni mtoto wa nani."

Fatouma akaacha kupepeta. Anaangalia nyuma yangu.

"Asalaam aleikum, mama," Taju akasema.

Alikuwa amesimama pale pale kwenye pazia la mlango, ameshika samaki wawili, mukeke, kwenye mfuko. Nikauliza swali la kijinga, "Taju, umefikaje?"

"Na gari, mama. Iko inje."

"Mbona sikusikia?"

"Ndiyo inavyokuwa."

Akamuuliza Fatouma hali ya magoti yake, akaweka samaki kwenye meza, akasema kuna mteja anamngoja. Nikatoka mbio mpaka barabarani, na gari limeshakata kona, na barabara kimya, kama hakuna aliyekuja.

Sasa ni wiki ya kumi na moja. Simu anapiga, sitamsingizia, mama umeamkaje, umekula, dawa ya presha umemeza, haya. Anaongea nami kama anayesoma mita. Unga na sukari vinaletwa na mtu. Raihana anasema ana kazi nyingi, na Raihana ni mtoto mzuri, hajui kudanganya, anasema huku sauti inashuka.

Sasa naungama, na hapa ndipo penye aibu. Taju kabla ya kuhama alitia esansi kidogo kwenye ile Corolla, akaniambia, "Mama, hii ni ya siku presha ikikupanda usiku, jirani yeyote akukimbize hospitali, usiiguse." Mi nimeigusa. Kila asubuhi baada ya chai naingia kwenye gari la marehemu, nawasha, nakaa na mlango wazi, nasikiliza. Dakika tano, siku nyingine kumi. Sijui kuendesha. Watu wanalala kwenye foleni kutafuta esansi, na mi naichoma ili uani kwangu pasikike kitu.

Ikafika siku mshale ukawa chini kabisa. Nikafikiri, hili gari likiharibika Taju atakuja, gari la baba yake hawezi kuliacha. Chini ya meza ya kazi kulikuwa na mazutu kwenye kibido, kidumu cha plastiki, yale ambayo mafundi wanasafishia vyuma. Mimi ni mke wa fundi na mama wa fundi, Mama Joëlla, najua kuliko mtu yeyote kwamba mazutu hayaingii kwenye injini ya esansi. Nikayatia yote. Nikawasha. Likakohoa, likatoa moshi mweupe uani kote, likazima. Nikampigia Taju nikamwambia, gari la baba yako limekufa, njoo.

Alimtuma Moubarak.

Moubarak akafungua buji moja, plagi ya injini, akainusa, akaniangalia. "Mama, nani ametia mazutu mu tangi hii?"

"Mi nitajuaje? Labda stesheni walichanganya."

"Mama," akasema polepole, "hii gari haijafika ku stesheni toka Taju alihama."

Akainama, akamwaga tangi, akasafisha mabomba mpaka alasiri. Wakati wa kunawa ndipo akaniambia, na alidhani najua, kwamba Taju anaondoka Jumatano ijayo kwenda Dar es Salaam, mwaka mzima, kusomea betri, na Raihana anakwenda naye. Mwaka mzima, na mi nimeambiwa na Moubarak aliyeshika sabuni.

Mshauri, kwetu mtoto hasafiri bila radhi za mama yake. Nimefua kanga nzuri, nimekaa nangoja aje aniombe radhi, na siku zinakwenda. Naogopa Moubarak atamwambia habari ya mazutu. Naogopa Taju ataondoka vile vile kama siku ile, nisisikie. Je, mi mama niende kumpigia magoti mtoto niliyemzaa? Au ningoje? Na uniambie pia, wewe unayesoma magazeti, ni kweli hizi gari za esansi na mazutu zinakwisha, au ni fasheni itapita mwanangu arudi kwenye shimo la baba yake?

Ni mimi, mama wa fundi mkubwa, Buyenzi.

MAMA JOËLLA ANAJIBU

Mama mwenzangu, majina nimeyabadilisha yote kama ulivyoomba. Sifa za mwanao nimeziacha, maana nilipojaribu kuzitoa barua ilibaki mistari minne.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Malori yanayotuletea sukari na simenti toka bandarini bado yanakunywa mazutu, na umeme wetu unavyokatika unajua mwenyewe, kwa hiyo injini itanguruma Bujumbura miaka mingi bado. Lakini mwanao ameona sawa. Uani kwako hapatajaa tena kama zamani, na anayekuambia itapita anakubembeleza. Hata hizo gari za umeme zina matairi, zina breki, zina springi zinazovunjika kwenye mashimo yetu, na Moubarak ana mikono. Mpe ule uwanja wote, mwambie atafute mwenzake, na hao utawapikia. Lia kwa yaliyokwisha, ni haki ya mjane. Ila acha kumlilia Taju kama yeye ndiye aliyeyamaliza.

Sasa nikukemee kidogo, na usizime redio.

Esansi ya kukufikisha hospitali uliichoma uisikilize! Nilipofika hapo nilitaka kucheka, nikashindwa, nikaiweka barua chini, nikatoka nje ya studio. Mama, ungemwambia mtu. Ungemwambia Fatouma huyo huyo mwenye ulimi mrefu, maana naye aliacha kupepeta alipoona maneno yako yamemfikia mwanao, hukuliona hilo? Mwanamke anayekaa peke yake asubuhi kwenye gari lisilokwenda popote hana shida ya magari. Ana upweke, na upweke hauna fundi anayetumwa kwa simu.

Unasema unaogopa Moubarak atasema. Moubarak amekaa na siri yako tangu asubuhi mpaka alasiri akiwa amepiga magoti mbele ya tangi. Angekuwa wa kusema angesema. Mwondolee huo mzigo, useme wewe.

Na Taju. Mama, nimehesabu sifa za huyu mtoto katika barua yako. Unajua anavyofumba macho na kutambua injini, unajua pompu zililetwa kwake toka wapi, mpaka meno umeyataja. Umeniambia mimi nisiyemjua. Umeiambia Buyenzi yote. Je, yeye umemwambia lini? Naona umemwambia firiji yenye magurudumu, umemwambia waya, na ile siku moja aliyosikia kwa masikio yake unavyomsema akiwa hayupo, alisikia kwamba alishindwa. Yeye anadhani hayo ndiyo unayosema kila siku. Angejuaje kwamba siku zote unasema mengine? Hajawahi kuwepo.

Unauliza mama aende kumpigia magoti mtoto wake. Nani amekudai magoti? Wewe unaumwa presha, magoti yaache. Lakini kwenda utakwenda. Alipokuwa mdogo ana homa, ulikaa kitandani kwako ukangoja aje? Na hizo radhi unazongoja kuombwa, zilizopigwa pasi pamoja na kanga, nimekulia karibu na nyinyi Waislamu na najua uzito wake, lakini sijawahi kusikia kwamba mama amekatazwa kuzitoa kabla hajaombwa. Yeye hawezi kuja kuziomba kwa mtu aliyesema baba yake angemkana. Anaogopa utamnyima. Ndiyo maana anakutumia sukari.

Leo ni Jumamosi. Anaondoka Jumatano. Kesho Jumapili karakana imefungwa, yuko nyumbani anafunga mizigo. Chukua teksi mpaka Kinindo, ya esansi au ya umeme, yoyote itakayosimama. Usimpigie simu kwanza, atakuambia ana kazi. Usibebe sufuria, ukibeba chakula utajificha nyuma yake na kuanza kupakua. Nenda mikono mitupu. Raihana atakufungulia.

Mwambie maneno uliyosema Ijumaa ile yalikuwa uongo, na kwamba uliyajua ni uongo ulipokuwa unayasema. Mwambie habari ya mazutu, yote, na ya asubuhi zote ulizowasha lile gari. Atacheka au atakasirika. Akikasirika, kaa. Akinyamaza, kaa, usijaze ukimya huo kwa hadithi za wateja wa zamani, najua utataka. Kisha umwambie yeye, usoni, mbele ya mke wake, yale uliyoniandikia kwenye ukurasa wa kwanza. Anza na pompu. Halafu umpe radhi zake aende nazo, na umuulize betri ni nini, akikueleza usikilize mpaka mwisho hata kama huelewi.

Mwaka ni mrefu, sitakudanganya, na Jumatano jioni uani patakuwa kimya vile vile. Lakini atakupigia kutoka Dar, na hatakuwa anasoma mita.

Jambo la mwisho. Kipindi hiki kinarudiwa Jumatatu saa kumi, wakati karakana zote za mji huu zina redio juu ya meza. Majina nimebadilisha, ila mwanao atajitambua kabla sijamaliza habari ya pompu. Haifai ayasikie kwangu kabla hajayasikia kwako. Kwa hiyo kesho asubuhi usiingie kwenye lile gari, mama. Vaa viatu, utoke barabarani, usimamishe teksi.